Ini la Kamati

Mpe mtu kiti cha kuzunguka, hata kama ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ghala la mashudu, uone kichwa nacho kitakavyoanza kuzunguka. Ndivyo ilivyomtokea mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji. Kabla ya kiti kile alikuwa mtu wa kawaida kabisa, anakamua ng'ombe wake mwenyewe na kukanyaga mavi kama binadamu wengine. Baada ya kiti akaanza kusema "kimsingi" hata anapoomba chumvi mezani, akachomeka mfukoni mwa shati kalamu zisizo na wino, na akawa hapiti penye watu wawili bila kuwashukuru kwa kujitokeza kwa wingi.

Lakini tusimwonee. Kazi ya kuonyesha alikuwa nayo, na kazi hiyo ni bwawa. Zamani ng'ombe wa ushirika walikunywa kwenye mabirika ya saruji, maji yakivutwa na pampu kutoka kisimani, na pampu ile ilikuwa na tabia ya kuugua siku za jua kali tu. Mwenyekiti akabembeleza huku, akagombana kule, mpaka bwawa likachimbwa. Mvua zikalijaza. Ng'ombe wakaingia hadi magotini, wakanywa, wakajisaidia humo humo kwa raha zao, na wafugaji wakampachika mwenye kazi jina: Bwana Bwawa. Alijifanya halipendi. Ukimwita "Mwenyekiti" aligeuza shingo. Ukimwita "Bwana Bwawa" aligeuka mzima mzima, pamoja na tumbo.

Bwawa lile alilipenda kama mtoto wa uzeeni. Na kwa kuwa mtoto wa uzeeni lazima apambwe, alilipamba. Aliwahi kulala kwenye hoteli moja, mambo ya semina, akaona kidimbwi cha bustanini: maua yanaelea, maji maangavu, na konokono wadogo wametulia kwenye kingo kama wageni waliolipiwa. Mtunza bustani akamwambia konokono wale hula ukungu wa kijani, ndiyo maana maji yanang'aa. Basi, hakulala. Aliporudi nyumbani alivua viatu, akakunja suruali, akashuka kwenye kijito cha bondeni ambako hakuna aliyenywesha mifugo, akaokota konokono wa majini ndoo nzima, akaja kuwamwaga bwawani mbele ya wajumbe wake.

"Hawa ndio watumishi wetu wapya," alihutubia, matope yakimtiririka miguuni. "Hawadai mshahara, hawaombi likizo."

Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja akapendekeza waongezwe ndoo ya pili, na pendekezo likapita bila kupingwa.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Ng'ombe wa ushirika wakaanza kukonda huku wanakula. Maziwa yakapungua. Pale machinjioni, mkaguzi wa nyama, bwana mmoja mkimya wa mabuti meupe, akawa anapasua ini, anatikisa kichwa, analimwagia rangi asije mtu akalitamani, analitupa shimoni. Kisha anapasua jingine. Wachinjaji wakanuna. Mtaani pakawa na mnong'ono: ng'ombe wa bwawani unanunua mzima, unapata bila ini.

Aliyeuleta mnong'ono ule ofisini ni daktari wa mifugo, na hakubisha hodi, kwa kuwa alikuwa mpwa wake Mwenyekiti, binti wa dada yake mkubwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kimsingi niko kwenye kikao."

Daktari akatazama chumba kizima. Mlikuwa na magunia ya mashudu na paka. "Kikao na nani?"

"Cha maandalizi. Mgeni rasmi anakuja kuzindua jiwe la bwawa. Limeshachongwa na jina langu, herufi kubwa. Sema haraka."

Binti akaweka mezani chupa ya jamu iliyooshwa. Ndani, kwenye maji, vilielea vitu vya kahawia, bapa, kama majani makavu yaliyoloweshwa.

"Nini hii, chai?"

"Minyoo ya ini, Mjomba. Imetoka kwa ng'ombe wetu. Bwawa lizungushiwe uzio, ng'ombe warudi kwenye mabirika."

Kiti kikaacha kuzunguka.

"Sikiliza kwanza," Daktari akawahi. "Mnyoo huyu anataga akiwa ndani ya ng'ombe. Yai linatoka na kinyesi. Likiangukia pakavu, limekwisha. Likiangukia majini, mtoto anaanguliwa, na anachotafuta ni konokono. Akimkosa anakufa. Akimpata anajipenyeza ndani, anazaana humo mpaka wanakuwa jeshi. Wanatoka, wanapanda nyasi za ukingoni, wanajikunja pale kama vidoa, wanasubiri. Ng'ombe anakuja kunywa, anazoa nyasi kwa ulimi. Baada ya muda, wako kwenye ini, wanalitafuna."

Mwenyekiti alihesabu kwa vidole. "Kwa ng'ombe, kwenye kinyesi, majini, kwa konokono, kwenye nyasi, kwa ng'ombe tena. Huyo ni mnyoo au mpangaji msumbufu?"

"Cheka tu. Bila konokono angekwama njiani, ila bwawa letu lina konokono kuliko maji. Hata sijui walitoka wapi."

Mwenyekiti akakohoa. Akamtazama paka. Paka akatazama pembeni.

"Konokono ni dalili ya maji safi," alisema hatimaye.

"Ni kweli. Konokono huyu anayapenda sana maji safi, na hapo ndipo penye shida."

"Na dawa? Si tunawapa dawa? Mimi mwenyewe nilimnywesha Kamati mbele ya mkutano!"

Kamati alikuwa maksai wake. Aliitwa hivyo kwa sababu alikula sana, alitembea polepole, na hakuwahi kuzaa kitu.

"Ile ni dawa ya minyoo ya tumbo, Mjomba. Hawa wa ini haiwagusi."

"Dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo."

"Ukiumwa jino utatia dawa ya macho?"

"Vyote si viko kichwani?" alijibu Mwenyekiti, na akajiona ameshinda.

Daktari akavuta pumzi. Akaketi juu ya gunia la mashudu, na sauti yake ikashuka. "Basi nenda ukamwone ng'ombe wa Mama. Ana uvimbe chini ya taya. Dawa ninayo, lakini nikimpa leo na kesho akarudi bwawani, nitakuwa napiga deki huku bomba linavuja. Na safari hii hatahimili. Nimemwambia Mama asimpeleke. Unajua kanijibu nini? 'Mjomba wako kasema maji ni mazuri.'"

Alikwenda kumwona, si kwamba alishawishika, ila kwa sababu dada mtu hapuuzwi, hata na mwenyekiti. Dada yake huyo ndiye aliyembeba yeye mgongoni wakati mama yao alipokuwa mgonjwa, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe wa sasa alikuwa wa ukoo ule ule: mjukuu au kilembwe, sura ile ile ya kununa. Ndiye aliyekuwa mali yake yote. Ndiye chai yake ya asubuhi, ndiye sabuni, ndiye wa kuongea naye mchana.

Alimkuta bandani, ng'ombe amesimama kichwa chini, na chini ya taya ananing'inia mfuko laini kama kiriba cha maji.

"Karibu, mdogo wangu," Dada akasema. Mbele ya watu neno hilo lilimchoma Mwenyekiti kuliko mbu. Hapa hapakuwa na watu, akalivumilia. "Umekuja kuniambia nini? Maana humu ndani sielewi. Mwanangu ananiambia nisimpeleke ng'ombe bwawani. Wewe unaniambia nimpeleke. Wote wawili nimewafuta makamasi. Nimwamini nani?"

"Dada, yule mtoto kasoma sana. Mtu akisoma sana anaona minyoo kila mahali."

"Na huu mfuko?"

"Mafuta," alisema Mwenyekiti. "Ananenepa kuanzia kidevuni. Hata mimi nilianzia hapo."

Dada alicheka, akamgonga begani, kisha akaacha kucheka. "Kisima cha pampu ni mbali na miguu yangu ndiyo hii. Bwawa liko hapo chini. Nataka bwawa liwe zima, mdogo wangu, usidhani sitaki. Ila nataka kujua."

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na kama yalivyo mawazo yake yote, lilikuja limevaa suti.

"Utajua! Siku ya mgeni rasmi namchinja Kamati. Kamati amekunywa bwawani tangu siku ya kwanza, na mwone alivyo, anang'aa kama kiatu kipya! Nitaweka spika machinjioni, nitaweka mabenchi, mkaguzi akague kila kiungo hadharani, na mimi nitatangaza kimoja kimoja. Ini tutamchomea mgeni. Watafumba midomo."

Dada alifikiri kidogo, mkono wake kwenye pembe ya ng'ombe. "Haya. Nitakuja na kamba yangu. Ini likiwa zima, namnywesha bwawani siku hiyo hiyo na mwanangu asinisumbue tena. Likiwa bovu, nitajikokota hadi kisimani. Nitasikiliza utakalotangaza wewe."

Asubuhi ya siku yenyewe mkewe alimkuta mbele ya kioo.

"Suti nyeupe? Machinjioni? Baba watoto, unaenda kuchinja ng'ombe au kumwoa?"

"Mgeni rasmi atakuwepo."

"Na damu itakuwepo," mkewe akasema, akaendelea kupiga pasi.

Machinjio yalikuwa ukumbi wa saruji uliozungushiwa wavu, una ndoano za chuma darini, meza ndefu ya bati na mfereji katikati. Sakafu ilikuwa imeoshwa hadi inateleza. Nje ya wavu watu walijaa kwenye mabenchi. Mbele kabisa mgeni rasmi, mkubwa wa mifugo kutoka makao makuu, mtu mwenye kazi ya kupiga makofi kila spika inaponyamaza, na aliifanya vizuri sana hata akiwa anasinzia. Nyuma yake wajumbe. Pembeni Daktari, na mama yake, na kamba, na mwisho wa kamba yule ng'ombe, kwa kuwa kutoka machinjioni kwenda bwawani ilikuwa ni kuteremka tu.

Kamati alikuwa ameshachinjwa na kuchunwa. Viungo vyake vilining'inia vimepangwa. Ndani ya wavu walibaki watu wawili: mkaguzi na kisu chake, Mwenyekiti na kipaza sauti chake.

"Mwenyekiti, una hakika na hiyo spika?" mkaguzi aliuliza kwa upole. "Hapa huwa tunaangalia kwanza, halafu ndio tunasema."

"Uwazi, bwana! Uwazi!" Spika ikalia wiii, mgeni rasmi akapiga makofi.

Mkaguzi akainua mabega, akaanza. Aliukata ulimi, akautazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Ulimi, safi!" Spika ikarudia mpaka sokoni. Makofi.

"Mapafu, safi! Mnaona hewa ya bwawa!" Makofi.

"Moyo! Ndugu zangu, moyo wa Kamati ni moyo wa kujitolea! Safi!" Vigelegele kabisa.

"Na sasa, mheshimiwa mgeni rasmi," Mwenyekiti akashusha sauti, akaiacha itetemeke kidogo, "tunafika kwenye ini."

Mkaguzi aliliteremsha ini mezani kwa mikono miwili. Hakulikata. Alilipapasa kwa kiganja, akarudia tena, kisha akamtazama Mwenyekiti kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake kwamba zipu iko wazi.

"Zima spika kidogo."

"Kata!" ilisema spika.

Akakata. Kisu kililia kama kinapita kwenye mchanga, maana mirija ya nyongo ilikuwa imekakamaa kama kamba ya zamani. Mkaguzi akaibonyeza kwa dole gumba. Wakatoka. Walitoka wa kahawia, bapa, wanateleza, mmoja nyuma ya mwingine, kama wajumbe wanaotoka mkutanoni baada ya kusikia leo hakuna chai.

Mwenyekiti akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Hayo ni majani," alinong'ona. "Alikula majani."

Mezani jani moja likajikunja, likajinyoosha.

"Majani gani hayo yana haraka?" mkaguzi akauliza. Alichukua chupa ya rangi. "Mimi ini hili nalimwagia rangi, nalifukia, kazi yangu imekwisha. La kutangaza ni lako. Mimi sina spika."

Mwenyekiti alitazama kupitia wavu. Kutoka kwenye mabenchi watu waliona mgongo wa mkaguzi tu na sehemu ya meza. Neno moja, safi, herufi nne, na jiwe lingefunuliwa, na mgeni angelishwa figo akaondoka, na kesho ingejijua yenyewe. Alikuwa amelitamka neno hilo tangu asubuhi, lilikuwa limeshalainika mdomoni.

"Ini..." alisema. Spika ikasubiri. "Ini lipo."

Mgeni rasmi akapiga makofi. Kicheko kikaanzia nyuma.

Dada akasimama. "Mdogo wangu!" aliita, na hakuhitaji spika. "Kwamba lipo tunajua, hata mimi ninalo. Likoje?"

"Ni ini kubwa, Dada."

"Kubwa zuri au kubwa baya?"

"Kimsingi..."

"Usinikimsingi mimi! Nimekubeba mgongoni ukanikojolea, leo unanikimsingi? Nimeshika kamba hapa, ng'ombe ana kiu. Niteremke naye bwawani au nisiteremke?"

Watu walikuwa wanacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amejizungushia kamba kiganjani kama alivyojizungushia zamani, wakati mtoto mwenye makamasi akimshika upindo wa nguo na kuuliza kama maziwa yameshachemka. Ng'ombe alinyanyua kichwa. Ule mfuko chini ya taya ukayumba. Akamtazama Mwenyekiti kwa macho ya mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

Na Mwenyekiti, ambaye kwa miaka yake yote ya kiti hajawahi kumaliza sentensi bila kuipamba, akazisema zote fupi.

"Usiteremke, Dada. Ini ni bovu. Limejaa minyoo. Bwawa ni bovu."

Spika ikanyamaza. Mgeni rasmi akapiga makofi kwa nguvu. Nusu ya watu wakamfuata kwa mazoea, kisha wakasikia walichokipigia makofi, wakaacha mmoja mmoja.

"Ahsante Mjomba," Daktari akasema. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa taaluma na swali lilikuwa limemkaa, akaongeza, "Basi sasa mtusaidie. Hao konokono waliingiaje?"

Wajumbe wote, wasiokubaliana kirahisi hata juu ya saa ya chakula, walinyoosha vidole kwa pamoja kumwelekea Mwenyekiti.

"Kwa ndoo!" alisema mmoja.

"Sisi tulipinga," akasema yule aliyependekeza ndoo ya pili.

Vicheko vya siku ile havikukaa ndani ya machinjio. Vilitoka, vikapita sokoni, vikafika nyumbani kabla ya mwenye suti, na mkewe akampokea mlangoni, akatazama doa la nyongo kwenye mkono wa koti, akaenda zake kucheka jikoni kwa heshima.

Jiwe lilizinduliwa vile vile, kwa kuwa lilikuwa kwenye ratiba, na ratiba haijui ini. Mgeni rasmi alivuta kitambaa, akasoma hotuba aliyokuja nayo, akalisifu bwawa kuwa la mfano, akala figo, akaondoka. Kesho yake Mwenyekiti mwenyewe alichimba mashimo ya nguzo za uzio. Aliizungushia nyaya kazi yake yote, jiwe likabaki ndani, jina lake kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata mbuzi haruhusiwi kwenda kulisoma.

Pampu ilitengenezwa, ikaugua, ikatengenezwa tena. Siku inapougua, Mwenyekiti hubeba ndoo kutoka kisimani mpaka kwenye birika lililowekwa karibu na kwa dada yake, na Dada humsimamia: "Usimwage, mdogo wangu," mbele ya watu wote. Ng'ombe alipewa dawa yake, ile ya ini, na hakurudi bwawani. Mfuko wa tayani ulipungua polepole, kama kiriba kinachovuja, na maziwa yakarudi, si kama zamani, lakini ya chai yalitosha na ya jirani yakabaki kidogo. Kwenye kiti cha kuzunguka analala paka.

Jina la Bwana Bwawa likafa. Kwa muda mtu yule alitembea bila jina la utani, akawa kama aliyetoka bila kofia. Lakini mtaa haumwachi mtu hivi hivi. Konokono mmoja mmoja walikuwa bado wanaonekana huku na kule, kwenye mfereji, kwenye unyevu wa chini ya birika, wamejikunja ndani ya nyumba zao, hawana haraka, wanaacha ute kila wanapopita. Watu wakaanza kuwaita wenyeviti. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Siku hizi hata watoto hawajui kama wadudu hao waliwahi kuwa na jina jingine.

Juzi tu, mama mmoja alikuwa anachota birikani, akasita, akaingiza mkono ndani ya ndoo.

"Aka! Mwenyekiti mwingine huyu hapa!"

Na kutoka ng'ambo ya birika, na ndoo yake mkononi, mtu aligeuka mzima mzima, pamoja na tumbo.